Maji ya baridi, maji ya moto: jibu kwa mama wa Nkuhungu

Swali hili limetoka kwa mama wa Nkuhungu, hapa Dodoma, aliyejifungua mtoto wake wa pili wiki tano zilizopita. Anaeleza kwamba mama mkwe wake, aliyekuja kutoka Mvumi kumhudumia mpaka arobaini iishe, amemkataza maji ya friji na hata ya mtungi, kwa kuwa yatagandisha damu tumboni na mtoto atapata mafua kupitia ziwa. Mume wake, fundi ujenzi anayeshinda juani kule Mtumba, hunywa maji ya barafu mchana kutwa, na sasa amepokea kwenye simu ujumbe unaodai kwamba maji ya baridi baada ya chakula hugandisha mafuta na kuleta saratani. Anauliza ni maji ya joto gani yanayofaa afya ya binadamu, nani kati yao watatu anakosea, na kama katika joto hili mtoto apewe maji ya uvuguvugu.

Dada yangu, hongera kwa kujifungua salama. Mama mkwe wako umfikishie mbukwa yangu, salamu ya Kigogo, kwa heshima zote, kwa maana katika jibu hili kuna mahali nitakapomuunga mkono na mahali nitakapomwomba radhi. Nianze na jibu lenyewe. Kwa mtu mwenye afya njema, maji yaliyo safi na salama hayadhuru kwa sababu ni ya baridi, wala hayaponyi kwa sababu ni ya moto. Ninachotaka familia yako ikiogope ni kinywaji chenye joto linalozidi nyuzi 65, na tena maji yaliyopigwa jua hadi mtu mwenye kiu anashindwa kuyanywa ya kutosha. Nilivyoisoma barua yako, hofu yote ya nyumba hiyo imewekwa kwenye friji, na chupa ya chai imeachwa salama mezani bila mtu kuitilia shaka.

Tuangalie kwanza maji yanakwenda wapi na yanafanywa nini. Chukua glasi ya mililita 250 iliyotoka kwenye friji ikiwa na nyuzijoto 5. Tangu yanapogusa ulimi, maji hayo yanapokea joto la mwili: kinywa huyapasha, umio huyapasha, na tumbo la chakula, ambalo limezungukwa na damu yenye nyuzijoto 37, humalizia kazi. Watafiti waliopima joto ndani ya tumbo la watu waliokunywa kinywaji cha nyuzijoto 4 waliona kwamba baada ya dakika 20 hadi 30 joto la humo limerudi kuwa la mwili. Kinywaji cha baridi huchelewa kidogo mwanzoni kutoka tumboni kwenda kwenye utumbo, kisha mwendo unakuwa wa kawaida. Nishati ambayo mwili hutumia kuipasha glasi hiyo kutoka nyuzi 5 hadi 37 ni kilokalori 8, kiasi kinachopatikana katika nusu ya kijiko kidogo cha sukari. Kwa hiyo wanaosema maji ya baridi hupunguza unene kwa kuulazimisha mwili kuyapasha wametaja jambo la kweli ila ni dogo mno lisiweze kupunguza hata kibwebwe cha kanga. Wanaosema maji ya moto na ndimu asubuhi huyeyusha mafuta ya tumbo hawana hata hilo dogo, kwa sababu mafuta yaliyo chini ya ngozi hayakutani na maji yaliyo ndani ya tumbo.

Sasa kuhusu damu ya uzazi. Nadhani sehemu ya hofu hii inatokana na lugha yetu. Neno tumbo tunalitumia kwa mambo mawili yaliyo mbali: chakula kimo tumboni, na mtoto alikuwa tumboni. Ukisikia hivyo, ni rahisi kuona kwamba maji ya baridi yanashuka na kuikuta damu ya uzazi mahali pamoja. Lakini maji hupita katika umio, tumbo la chakula na utumbo, na damu ya uzazi imo katika mji wa mimba, ambao ni mfuko mwingine kabisa usio na njia ya kuungana na tumbo la chakula. Kinachoufanya mji wa mimba ujikaze, uzuie damu na kusafisha kilichobaki ni homoni ambayo mwili huitoa kwa wingi mtoto anaponyonya, ndiyo maana mama anaponyonyesha siku za mwanzo husikia maumivu ya kujikaza chini ya kitovu. Damu ya uzazi hupungua polepole na kukatika kati ya wiki ya nne na ya sita kwa wengi, hata kama wanakunywa maji ya moto, ya mtungi au ya friji. Yako mambo yanayopaswa kukutoa nyumbani kwenda hospitali siku hiyo hiyo: damu nyingi inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, homa, uchafu wenye harufu mbaya, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Hayo usiyasubirie maji ya moto.

Na maziwa hayapoi. Yanatengenezwa ndani ya titi kutokana na damu yako, na yanamfikia mtoto yakiwa na joto la mwili wako, uwe umekunywa chai au barafu. Mafua huletwa na virusi, ambavyo mtoto huvipata kwa mtu anayepiga chafya karibu naye au kwa mikono isiyooshwa. Mama mkwe akitaka kumkinga mjukuu wake na mafua, awazuie wageni wenye mafua wasimbebe, na kila anayempokea anawe kwanza kwa sabuni. Hapo atakuwa amemfanyia kazi kubwa.

Lakini nimesema nitamuunga mkono mahali. Anapokuletea uji wa moto mara tatu kwa siku, supu, na maji aliyoyachemsha mwenyewe, anakupa kitu unachokihitaji sana. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, katika viwango ilivyovitoa mwaka 2010, inakadiria kwamba mwanamke mtu mzima anahitaji lita 2 za maji kwa siku kutoka katika vinywaji na vyakula vyote, na anayenyonyesha anahitaji takribani lita 2.7. Viwango hivyo viliwekwa kwa hali ya hewa ya wastani. Kwenye joto la Oktoba na Novemba la hapa Dodoma utahitaji zaidi. Naamini pia kwamba desturi ya wazee ya kumpa mzazi maji ya moto ilikuwa na hekima ambayo hawakuieleza kwa maneno tunayoyatumia leo, kwa sababu maji yaliyofika mdomoni yakiwa ya moto ni maji yaliyochemshwa, na mzazi mwenye kidonda hakupaswa kuharishwa na maji ya kisima. Usalama ulitokana na kuchemsha. Yakishachemka, yakafunikwa na kupoa, usalama ule ule unabaki. Ninachomwomba apunguze ni lile joto la maji ya kukukanda. Wodini tumewapokea wazazi waliobabuka mapaja na tumbo kwa sababu ya kitambaa kilichotolewa kwenye sufuria iliyotoka kuchemka. Maji ambayo kiwiko chake hakiwezi kuyavumilia hayafai kuwekwa juu ya ngozi yako.

Ujumbe uliofika kwenye simu ya mume wako ni wa zamani na umezunguka nchi nyingi. Unasema mafuta ya chakula yakikutana na maji ya baridi huganda, yakashikamana na kuta za utumbo, na baadaye yakawa saratani. Hoja hiyo inaanguka kwa kipimo kimoja tu. Mafuta ya ng'ombe, yale yanayoganda juu ya supu ikipoa, huhitaji joto la nyuzi 40 au zaidi ili yayeyuke kabisa, ilhali mwili wetu una nyuzi 37. Ina maana kwamba hata bila tone la maji ya baridi, mafuta hayo hayayeyuki kikamilifu kwa joto la mwili. Hata hivyo tunakula nyama choma na kuisaga vizuri, kwa sababu mwili hautegemei joto kuyashughulikia mafuta: nyongo kutoka ini huyavunja kuwa matone madogo sana, kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria yenye mafuta, kisha vimeng'enya kutoka kongosho huyakatakata mpaka yaweze kufyonzwa. Kwa hiyo mume wako anywe maji ya baridi baada ya wali wake bila wasiwasi.

Juu ya mume wako nitakaa zaidi, kwa sababu kwake joto la maji lina uzito wa kweli, ingawa si kwa namna anayoidhani.

Mtu anayebeba zege juani anaweza kutoa jasho la lita moja kwa saa. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa joto la takribani kilokalori 580. Linganisha na lita moja ya maji ya nyuzijoto 5 anayoyanywa: kuyapasha hadi 37 kunachukua kilokalori 32 tu. Anapohisi kwamba barafu ndiyo imempoza, ni kweli imempa nafuu, lakini kazi kubwa ya kumpoza inafanywa na jasho, na jasho halina mahali pa kutoka ila kwenye maji aliyoyanywa. Faida kubwa ya maji ya baridi kwake ni kwamba yanamfanya anywe mengi. Majaribio kwa watu waliopungukiwa maji yameonyesha kwamba binadamu hunywa mengi zaidi kwa hiari yake maji yanapokuwa karibu na nyuzijoto 15, na kiasi hicho hupungua maji yanapokuwa ya vuguvugu. Mashirika yanayosimamia afya kazini, kama lile la Marekani linaloitwa NIOSH, yanashauri wanaofanya kazi kwenye joto wapewe maji yaliyo chini ya nyuzijoto 15, wanywe kiasi cha glasi moja kila dakika 15 hadi 20 bila kusubiri kiu, na wasivuke karibu lita moja na nusu kwa saa, kwa kuwa maji mengi mno kwa pupa hupunguza chumvi ya damu hadi kuhatarisha maisha.

Mwaka jana nilitembelea eneo moja la ujenzi saa nane mchana. Dumu la manjano la lita 20 lilikuwa limewekwa juu ya mchanga, jua likilipiga upande mmoja. Nilitumbukiza kipimajoto, kikasoma nyuzi 38, yaani maji yalikuwa na joto kuliko mwili wa mtu atakayeyanywa. Nilikaa nusu saa nikiangalia. Kila fundi alikuja, akajaza kikombe, akapiga mafunda mawili, akamwaga yaliyobaki kichwani, akarudi kazini. Hakuna aliyemaliza kikombe. Siku ya pili tulilihamishia dumu lile chini ya mti, tukalifunga gunia lililolowa, na kijana mmoja akapewa kazi ya kulirushia gunia maji kila saa. Saa nane ile ile maji yalikuwa na nyuzi 25, na dumu lilikuwa limekwisha. Hapakuwa na friji wala barafu mahali pale. Mwambie mume wako ajaribu hivyo kwa ajili ya wenzake wote, maana barafu anayoinunua inamtosha yeye peke yake.

Atazame pia rangi ya mkojo wake jioni. Ukiwa wa manjano iliyoiva kama chai ya rangi, hakunywa ya kutosha, hata kama alitafuna barafu kutwa. Mkojo mzito unaorudiarudia miezi na miaka ni mojawapo ya njia za kupata mawe kwenye figo, na kwa wanaofanya kazi juani nasema hivi kwa mkazo. Na ikitokea mwenzake akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, kuyumba au kuzirai kwa joto, asimmiminie maji mdomoni. Mtu asiyejitambua yanaweza kumwingia kwenye mapafu. Wampeleke kivulini, wammwagie maji mwilini, wampepee kwa nguvu, na wamkimbize hospitali huku wakiendelea kumlowesha.

Nimekuja kwenye chupa ya chai.

Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, chini ya Shirika la Afya Duniani, lilipitia ushahidi uliokuwapo na kutamka kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyonywewa vikiwa juu ya nyuzijoto 65, vina uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani ya umio. Halikusema kahawa ni mbaya, wala chai. Lilichokitaja ni joto. Maelezo yake ni ya kueleweka: umio ni bomba lililofunikwa kwa ndani na utando laini, na kinywaji cha moto mno huunguza utando huo kidogo, ukapona, ukaunguzwa tena kesho, miaka 30 mfululizo. Seli zinazolazimika kujijenga upya kila siku zina nafasi nyingi zaidi za kukosea zinapojigawa. Katika mkoa wa Golestan nchini Iran, ambako watu hunywa chai nyingi na ya moto, watafiti waliwafuatilia watu wapatao 50,000 kwa miaka mingi. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2019 yalionyesha kwamba waliokunywa kila siku mililita 700 au zaidi za chai yenye nyuzijoto 60 na kuendelea walikuwa na hatari kubwa kwa takribani asilimia 90 kuliko waliokunywa kidogo na iliyopoa zaidi. Mililita 700 ni vikombe vitatu hivi.

Jambo hili linatugusa sisi hasa. Saratani ya umio imekaa katika ukanda unaoshuka upande wa mashariki ya Afrika, kutoka Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi na kusini zaidi, na tumbaku na pombe ni miongoni mwa mambo mengine yanayoichochea. Kilimanjaro, watafiti walipopima chai majumbani na kutoa matokeo yao mwaka 2015, walikuta watu wanaanza kunywa ikiwa na wastani wa nyuzijoto 70 hivi, na wanywaji wa chai ya maziwa walianza ikiwa ya moto zaidi kuliko wa chai ya rangi. Hilo la maziwa huwashangaza wengi. Kwa Waingereza maziwa baridi humiminwa kwenye kikombe na kuipoza chai. Sisi tunapika maziwa, maji, majani na sukari katika sufuria moja mpaka yafure, tunamimina kwenye chupa, na chupa inatunza joto lote.

Juma lililopita nilipima ya nyumbani kwangu. Chai ya maziwa iliyokaa kwenye chupa saa nzima ilisoma nyuzi 84 ilipoingia kikombeni. Baada ya dakika 5 ilikuwa 74, baada ya dakika 10 ikawa 66, na ilipofika 60 ndipo nilipoiona tamu kuliko zote nilizozionja asubuhi hiyo, kwa kuwa ulimi ulikuwa unaonja tangawizi badala ya kuungua. Sasa mfikirie mume wako saa moja asubuhi kwa mama lishe: birika linatokota juu ya mkaa, kikombe kinajazwa, gari la kwenda kazini linapiga honi, naye anaimeza yote kwa dakika tatu akiisukumia chapati. Kwa maoni yangu kikombe hicho ndicho cha kumwogopesha, na katika ujumbe ule wa simu hakikutajwa. Aiagize chai kwanza, ndipo aagize chapati. Akiwa na haraka, aimimine kutoka kikombe kimoja kwenda kingine mara nne au tano. Wazee wetu waliokuwa wakiipooza kwenye kisahani walikuwa wanafanya jambo sahihi kabisa. Kanuni hiyo ni kwa uji wa mzazi pia, kwa sababu mama mkwe, kwa upendo, anaweza kukuhimiza uumeze ungali unafuka. Na yeyote nyumbani ambaye chakula kimeanza kumkwama kifuani, kwa kawaida nyama au ugali mkavu kwanza na baadaye hata uji, asikae nyumbani akitumia dawa za vidonda vya tumbo. Aende hospitali achunguzwe umio mapema.

Kuhusu usalama wa maji yenyewe, Dodoma ipo juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 1,100, na kwa sababu hiyo maji huchemka hapa yakiwa na nyuzijoto 96 hivi, si 100. Baadhi ya watu wameniuliza kama yanaua vijidudu. Yanaua, na kwa wingi wa kutosha: vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara hufa chini ya joto hilo, kwa hiyo yakishatokota kwa dakika moja yaepue, yafunike, yaache yapoe yenyewe. Kuyaacha yatokote nusu saa ni kupoteza mkaa. Tena kuchemsha hakuondoi chumvi, na madini ya floridi, ambayo yamezidi katika baadhi ya visima vya Singida, yanazidi kukolea kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Kwa maji ya namna hiyo dawa ni kubadili chanzo au kutumia chujio maalumu.

Barafu haisafishi. Baridi hulaza vijidudu tu, na vikifika tumboni vinaamka. Barafu anayoinunua mume wako njiani, iliyogandishwa kwenye vifuko kutokana na maji yasiyochemshwa, ina hatari ile ile ya maji yaliyoitengeneza. Tulikuwa na mlipuko mkubwa wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ukafika mikoa mingi ya Bara, Dodoma ikiwemo, na sikupenda kuona watu wakichemsha maji ya kunywa huku wakinunua barafu wasiyojua imetoka wapi. Agandishe maji yenu yaliyochemshwa ndani ya chupa, azibebe.

Na mtungi nautetea. Maji hupenya kidogo kidogo kwenye udongo wake, yakakauka nje, na kila gramu inayokauka inaondoka na joto. Katika mtungi wa lita 20, mililita 200 tu zikikauka zinaweza kushusha joto la yaliyobaki kwa karibu nyuzi 6, endapo joto la nje haliingii. Hewa yetu kavu ya Dodoma inalikubali jambo hili kuliko hewa ya pwani, ambako unyevu hautoi nafasi ya kukauka. Ndugu zetu wa Tanga wakisema mtungi haupoi, hawadanganyi. Uweke kivulini penye upepo, juu ya kigoda au mchanga uliolowa. Weka humo maji yaliyochemshwa pekee, ufunike, uteke kwa kata yenye mkono mrefu ambayo haigusi kitu kingine, na uusugue ndani kila wiki. Maji yake mama mkwe anaweza kuyakubali kuliko ya friji, na ninadhani hapo mtapatana.

Wako watu wachache ambao baridi huwasumbua kweli. Wenye kipandauso wanaweza kuumwa kichwa ghafla wanapovuta maji ya barafu. Wenye ugonjwa wa misuli ya umio kutolegea hubanwa kifua kwa maji baridi na kupata nafuu kwa ya vuguvugu. Wenye meno yaliyoliwa husikia maumivu, kama mwenyewe unavyojua. Mtu mwenye mafua hupata raha kwa kinywaji cha moto, na raha hiyo ni ya kweli, ingawa virusi haviondoki kwa hilo. Kila mmoja wao anajua kinachomsumbua, na hana sababu ya kulazimishwa wala kuwalazimisha wengine.

Limebaki swali lako la mwisho, kama mtoto wa wiki tano apewe maji ya uvuguvugu kwa kuwa joto limezidi. Hapana, asipewe ya uvuguvugu, ya baridi wala ya moto, mpaka atimize miezi sita. Maziwa yako yenyewe ni maji kwa takribani asilimia 87, na yale ya mwanzo wa kunyonya ni mepesi na yanakata kiu. Joto likizidi atataka ziwa mara nyingi zaidi na kwa muda mfupi mfupi. Mpe kila anapolitaka, umvue nguo nzito, ulale naye penye upepo. Kabla ya kumweka titini, weka pembeni yako glasi moja ya maji ya mtungi, na uwe umeimaliza atakapoliachia.